Mafuta tete ya mimea kwenye chakula cha ng'ombe, mbuzi na kondoo: kutoka dalili hadi chanzo

Umeanza kuwapa mifugo wako mafuta tete ya karafuu, mdalasini, zaatari, oregano au kitunguu saumu, ukitarajia maziwa yaongezeke, gesi ipungue na protini ya chakula isipotee bure. Wiki zimepita. Ama huoni badiliko lolote, ama hali imekuwa mbaya kuliko ulipoanza. Hapa nimepanga dalili kwa maneno ambayo wafugaji huyatumia wanapoeleza shida, na katika kila dalili nimeanza na chanzo kilicho rahisi kukagua. Mara nyingi jibu liko kwenye hori au kwenye chupa, na rumeni, tumbo la kwanza la mnyama anayecheua, tunaisingizia tu.

Watu wengi huyaita "mafuta muhimu", na jina hilo ndilo linaloanzisha makosa mengi. Mwili wa mnyama hauyahitaji kama unavyohitaji madini au vitamini. Mmea huyatengeneza ili kujikinga na ukungu, bakteria, wadudu na vinywa vya wanyama wanaoutafuna. Watafiti wa Marekani walipoyachunguza kwenye rumeni ya kulungu miaka ya 1960, swali lao lilikuwa la madhara: je, vichaka vyenye harufu kali vinaua bakteria wanaommeng'enyea mnyama chakula? Wazo la kuyatumia kwa faida lilipata nguvu baadaye sana, hasa Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na wafugaji wakahitaji kitu cha kushika nafasi ya monensini, moja ya antibayotiki hizo.

Kwa hiyo unachochanganya kwenye pumba ni sumu ya vijidudu, na faida yake yote iko kwenye kipimo. Ukilishika hilo, kila tatizo utakalokutana nalo litaingia katika moja ya mafungu manne: mafuta yamefika rumenini kidogo mno, yamefika mengi mno, yamekuta rumeni isiyoyafaa, au hayahusiki kabisa na unachokiona.

## Yanafanya nini humo ndani

Rumeni ni pipa la uchachushaji lenye joto la nyuzi 39 hivi na mabilioni ya bakteria katika kila mililita, pamoja na protozoa, kuvu, na vijidudu waitwao arkea wanaotengeneza gesi ya methani. Thimoli ya zaatari, kavakroli ya oregano na yujenoli ya karafuu huingia kwenye utando wa seli ya bakteria na kuufanya uvuje. Bakteria wa Gram chanya, ambao hawana utando wa pili wa nje, ndio kwa kawaida huumia kwanza. Sinamaldehaidi ya mdalasini hushikana na protini za kijidudu na kukwamisha vimeng'enya vyake. Viambata vya salfa vya kitunguu saumu vinaaminika kuwalenga arkea wenyewe, kwa kuzuia kimeng'enya wanachokihitaji kujenga utando wao.

Kipimo kikiwa sawa, kuna kundi dogo la bakteria linalopungua: wale wanaovunja asidi amino kuwa amonia kwa kasi kubwa mno ukilinganisha na uchache wao. Propioneti, moja ya asidi za mafuta ambazo mnyama huzitumia kwa nishati, huongezeka kidogo, na hidrojeni ya kutengenezea methani hupungua. Kipimo kikizidi, wanaovunja nyuzi nao wanaumia, na hapo umemnyang'anya mnyama kile kilichomfanya awe mnyama wa malisho.

## Mate yanachuruzika, mdomo una vidonda, mnyama anakohoa

Naanza na hili kwa sababu halisubiri. Simamisha mafuta papo hapo.

Chanzo karibu kila mara ni mafuta yaliyotolewa bila kuzimuliwa. Mafuta ya mdalasini, karafuu na oregano yakigusa ufizi au ulimi yakiwa yenyewe huunguza. Ukimnywesha mnyama kwa chupa hatari huwa kubwa zaidi: mafuta huteleza yakaingia kwenye koo la hewa, na mnyama anayekohoa baada ya kunyweshwa anaweza kupata nimonia ambayo itamuua siku chache baadaye, wakati umeshasahau lile tone. Kuyaweka kwenye maji ya kunywa hakusaidii pia, kwa sababu hayachanganyiki na maji. Ya karafuu na mdalasini huzama, mengine mengi huelea, na kwa njia zote mbili mnyama mmoja hulamba dozi ya kundi zima.

Mwite daktari wa mifugo na umwonyeshe chupa yenyewe. Usimnyweshe mnyama kitu kingine ili "kusafisha". Yakikuingia wewe mkononi, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia halafu uoshe kwa sabuni, maana maji peke yake hayayaondoi. Na kama chupa ina mafuta ya penirali, yule mnanaa wenye pulegoni nyingi, usiyatumie kabisa: pulegoni huharibu ini.

## Wanasusa chakula

Wape chakula kilekile bila mafuta. Wakikila mara moja, shida ni mafuta. Wakiendelea kususa, acha kuyalaumu na uangalie homa, meno, maji, na kama pumba ina ukungu.

Ikithibitika kwamba ni mafuta, tazama uchanganyaji kabla ya kupunguza dozi. Nimeona hori ambalo upande mmoja ulinuka karafuu hadi mlangoni, na upande wa pili haukuwa na harufu hata kidogo. Ng'ombe waliosusa walikuwa upande wa kwanza, na dozi kwenye karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Gramu 1 ya mafuta haiwezi kusambaa katika kilo nyingi za chakula kwa kunyunyiza na kugeuza mara mbili kwa koleo. Inahitaji ngazi. Kwa ng'ombe 10 wanaopewa gramu 1 kila mmoja, pima gramu 10 za mafuta kwa mizani, zichanganye taratibu na kilo 1 ya pumba laini na kavu hadi pasiwe na donge lolote, kisha kila ng'ombe apate gramu 100 hivi za mchanganyiko huo, nazo zichanganywe tena na chakula chake cha kukamulia. Usihesabu matone: mililita moja inaweza kutoka kwa matone 20 au 30 kulingana na mdomo wa chupa. Tumia chombo cha glasi au cha chuma, kwa sababu mafuta haya hula baadhi ya plastiki laini.

Chanzo cha pili ni ugeni wa harufu. Anza na robo ya dozi, upande kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14. Molasi kidogo husaidia. Mafuta hayafanani kwa ladha: katika majaribio ya ng'ombe wa nyama, dondoo za pilipili ziliwahi kuongeza ulaji na unywaji wa maji, ilhali sinamaldehaidi ikizidi hupunguza ulaji. Kama mdalasini ndio unaosusiwa, kubadili mafuta ni busara kuliko kulazimisha.

Chanzo cha tatu ni uzee wa mafuta. Yale ya maganda ya machungwa, yenye limonini, huungana na hewa na harufu yake hugeuka kuelekea ile ya tapentaini. Mnyama huigundua kabla yako. Chupa iliyokaa wazi au juani itupwe.

## Hakuna kilichobadilika

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi kuliko nyingine zote zikijumlishwa, na ina vyanzo vingi vinavyofichana.

Anza na hesabu. Rumeni ya ng'ombe mkubwa wa maziwa hubeba kiasi cha lita 100. Gramu 1 ya mafuta humo ni miligramu 10 kwa lita. Sasa rudi kwenye habari ulizosoma kuhusu mafuta yaliyopunguza methani kwa kishindo: mengi ya majaribio hayo yalifanyika kwenye chupa za maabara, kwa vipimo vya miligramu 300, 500, hata 3,000 kwa lita. Ili kufikia miligramu 500 kwa lita ungehitaji gramu 50 kwa ng'ombe mmoja, na kwa kuwa maji ya rumeni hutoka na kuingia mengine saa zote, ungelazimika kurudia. Hakuna ng'ombe atakayekula hivyo, na akila atakosa hamu ya kila kitu. Tena kwenye zile chupa zenye vipimo vikubwa, mara nyingi methani ilipungua kwa sababu uchachushaji wote ulipungua: asidi za mafuta ambazo mnyama huzitegemea kwa nishati zilipungua pamoja nayo. Ni kama kusifu jiko kwa kutumia kuni kidogo wakati ugali haujaiva.

Kwa hiyo matarajio yako yarudi kwenye ukubwa halisi. Kwa mchanganyiko mmoja wa biashara wenye mafuta ya mbegu za giligilani, yujenoli na jeranili asetati, uliotolewa gramu 1 kwa ng'ombe kwa siku, uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2020 ulipata ongezeko la maziwa la asilimia 3.6 na upungufu wa methani wa asilimia 8.8 kwa siku, katika majaribio yaliyodumu zaidi ya wiki nne. Asilimia 3.6 ya lita 15 ni kama nusu lita. Nusu lita ni fedha, sitaki kuidharau, lakini haionekani kwa jicho kwenye ndoo ya siku moja.

Hapo ndipo tatizo la kupima linapoingia. Ng'ombe aliyepita kilele cha maziwa hushuka kila wiki hata ukimlisha vizuri, na mvua moja nzuri hubadilisha nyasi na maziwa kwa pamoja. Ukilinganisha mwezi huu na uliopita, utasema mafuta hayafanyi kazi wakati yamezuia sehemu ya mshuko, au utayasifu kwa kazi iliyofanywa na mvua. Njia ya kupima nimeiweka mwishoni.

Kama matarajio yako ni ya kawaida na bado huoni kitu, uliza kama mafuta yamefika. Neno tete lina maana yake: yanaruka hewani. Mchanganyiko uliotengenezwa Jumatatu ukaachwa kwenye gunia lililo wazi hadi Ijumaa umeshapoteza sehemu kubwa. Vidonge vya chakula vinavyotengenezwa kwa mvuke wa nyuzi 70 hadi 90 hupoteza mengi zaidi, na ndiyo sababu viwanda makini huyafunga mafuta ndani ya punje za mafuta magumu au wanga. Bidhaa iliyofungwa namna hiyo usiisage wala kuiloweka.

Halafu uliza kama mafuta ni yale unayodhani. Mafuta ya gome la mdalasini yana sinamaldehaidi kwa wingi. Mafuta ya majani ya mdalasini huohuo yana yujenoli kwa wingi, yaani yanakaribia karafuu kuliko mdalasini. Chupa zote mbili zitaandikwa "mdalasini". Zaatari nayo ina aina zilizojaa thimoli, aina za kavakroli, na aina za linaloli ambazo kazi yake kwa bakteria ni hafifu. Jina la mmea halitoshi. Dai cheti cha uchambuzi kinachotaja kiambata kikuu na asilimia yake. Muuzaji asiye nacho anakuuzia harufu.

Wanaotumia mimea mikavu badala ya mafuta wafanye hesabu nyingine. Zaatari kavu hutoa mafuta kati ya asilimia 1 na 2.5, hivyo gramu 1 ya mafuta ni gramu 40 hadi 100 za majani. Karafuu kavu, zenye asilimia 15 hadi 20, zinahitaji gramu 5 hadi 7 tu. Kiganja cha majani ya zaatari kwa ng'ombe sita ni kiungo cha chakula, basi. Kwa mbuzi na kondoo, ambao rumeni yao ni sehemu ndogo tu ya ile ya ng'ombe, dozi huanzia karibu na moja ya kumi.

Mwisho, huenda rumeni yenyewe haina nafasi ya kusogezwa. Katika jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 2005 kwa kutumia chakula cha ng'ombe wa nyama, baadhi ya dondoo zilizoelekeza uchachushaji kwenye propioneti katika pH (kipimo cha uchachu; kikishuka, uchachu umezidi) ya 5.5 hazikufanya hivyo katika pH 7.0. Sababu inayotolewa ni kwamba kwenye uchachu, molekuli hizi hupenda zaidi utando wa bakteria kuliko maji. Maana yake shambani: matokeo ya wanyama wa nafaka nyingi usiyahamishie kwa ng'ombe wa nyasi tupu. Na kama chakula chako tayari kina monensini, nayo hupiga bakteria wa Gram chanya na kuinua propioneti, usishangae ukikosa faida ya pili juu ya ileile.

## Yalifanya kazi wiki ya kwanza, kisha kimya

Vijidudu huzoea. Kwenye vifaa vya maabara vinavyoendeshwa mfululizo, baadhi ya mabadiliko yaliyoonekana siku za mwanzo yalifutika ndani ya wiki moja hivi, kwa sababu wanaostahimili mafuta hushika nafasi ya walioondoka, na wengine hujifunza kuyavunja. Sishauri kupandisha dozi kila athari inapofifia. Utafika kwenye kipimo kinachoua wavunja nyuzi kabla hujafika kwenye kile kinachoshinda uzoefu.

Lakini usikate tamaa mapema pia, kwa kuwa kuna mwenendo wa kinyume: michanganyiko yenye viambata kadhaa imeonyesha matokeo bora baada ya wiki nne kuliko kabla yake. Mafuta ya mmea mmoja yakikoma kufanya kazi, jaribu mchanganyiko wenye viambata vya njia tofauti, kwa mfano yujenoli pamoja na sinamaldehaidi, kila kimoja kwa kipimo kidogo. Kuyabadilisha kila wiki ni wazo linalosemwa sana; mimi silipendi, maana kila badiliko ni ugeni mpya mdomoni na huwezi kamwe kujua nini kilisaidia.

## Maziwa yapo, lakini mafuta yake yameshuka na samadi ina nyuzi ndefu

Hii ni sura halisi ya kuzidisha. Mafuta ya maziwa hutengenezwa kwa sehemu kubwa kutokana na aseteti, asidi nyingine ya mafuta ya rumenini, na aseteti hutoka kwa wavunja nyuzi kama Fibrobacter na Ruminococcus. Wakikandamizwa, nyasi hupita bila kuvunjwa. Chukua samadi kiasi cha vikombe viwili, iweke kwenye chujio, imwagie maji. Kama kilichobaki ni mabua marefu kuliko sentimita 1 kwa wingi, na hayakuwepo kabla ya mafuta, punguza dozi hadi nusu na urudie baada ya siku kumi.

Lakini kabla ya kupunguza, hakikisha hakuna kilichobadilika kwenye malisho. Nyasi zilizokatwa fupi mno, nafaka iliyoongezwa, au mashudu yenye mafuta mengi huleta dalili hiihii. Wafugaji wengi huanza mafuta tete siku ileile wanapobadili chakula, na hapo hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia mkosaji ni nani.

## Wanyama wa malisho makavu wanazidi kukonda

Hili linaniuma, kwa sababu hutokea kwa wanyama wasio na akiba. Kupunguza amonia husifiwa kila mahali kama faida, na ni faida kweli kwa ng'ombe anayekula majani ya mikunde au mashudu kwa wingi, ambaye amonia yake inazidi, inapita kwenye damu na kutoka kwenye mkojo. Kwa mnyama anayekula mabua na nyasi za kiangazi hali ni tofauti. Bakteria wa nyuzi hujenga miili yao kwa amonia. Ikishuka chini ya miligramu 50 hivi za nitrojeni kwa lita ya maji ya rumeni, hawazaliani vya kutosha, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, tumbo hujaa, na mnyama hula kidogo zaidi. Mafuta tete hapo yanamzibia mwenye njaa kijiko.

Kwa ng'ombe wa maziwa, kipimo cha nitrojeni ya urea kwenye maziwa husaidia: ikiwa chini ya miligramu 8 kwa desilita, rumeni ina uhaba wa nitrojeni, na mafuta yasimamishwe. Pasipo maabara, tazama chakula: kama hakuna mikunde, mashudu wala chanzo kingine cha nitrojeni, jibu unalo. Weka nitrojeni kwanza, iwe majani ya mikunde au jiwe la kulamba lenye urea kwa kipimo sahihi. Mafuta yangoje mvua.

## Samadi laini yenye povu, wachache wanacheua

Ng'ombe wakiwa wamelala wametulia, nusu yao au zaidi wanapaswa kuwa wanacheua, na kila tonge hutafunwa mara 50 hadi 70. Wakicheua wachache, samadi ikawa kama uji wenye viputo, shuku uchachu kuzidi rumenini, yaani pH kushuka chini ya 5.6 kwa saa kadhaa kila siku. Chanzo ni nafaka nyingi kwa mkupuo na nyasi ndefu chache. Mafuta tete hayakuleta hali hiyo, na hayataiondoa. Kumbuka pia kwamba kwenye uchachu huo ndipo yanakuwa makali zaidi. Gawa nafaka kwenye milo midogo, ongeza nyasi ndefu kabla ya nafaka, na kwa ng'ombe mkubwa gramu 150 hadi 200 za magadi ya kuokea kwa siku husaidia kukinga.

## Ubavu wa kushoto umevimba

Kuvimba kwa povu baada ya kula mikunde mibichi ni dharura ya daktari. Nalitaja hapa kwa sababu ya mkanganyiko wa jina: mafuta yanayotumika kuvunja povu ni mafuta ya kula, kama ya alizeti au karanga, kwa wingi na kwa mkono wa anayejua kunywesha. Mafuta tete hayana kazi hiyo. Nimesikia mtu akiulizia "mafuta ya karafuu ya kuvimba" kwa uhakika kamili, na ndiyo maana sipiti hapa kimya.

## Maziwa yananuka

Kitunguu saumu ndicho mkosaji wa kwanza. Harufu hufika kwenye maziwa kupitia damu, na huingia kwenye damu kwa njia mbili: tumboni, na mapafuni mnyama anapovuta hewa ya banda au anapobeua. Kwa hiyo kuhamisha gunia nje ya chumba cha kukamulia ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kulisha mara tu baada ya kukamua, ili saa nyingi zipite kabla ya kukamua tena. Maziwa yakinuka bado, acha kitunguu saumu kwa wanyama wa maziwa na ukibakize kwa wa nyama. Mchana chemsha kikombe kimoja ukinuse: joto hufichua harufu ambayo maziwa baridi huificha, na ni afadhali uigundue wewe kabla ya mnunuzi.

## Ndama hawaonyeshi faida

Ndama anayenyonya hana rumeni inayofanya kazi, na maziwa hupita kwenye mfereji wa umio moja kwa moja hadi tumbo la nne. Hakuna uchachushaji wa kusogeza. Subiri hadi awe anakula chakula kikavu na kucheua kwa kawaida.

## Nitajuaje kama methani imepungua?

Hutajua kwa kutazama. Mnyama akibeua mara chache haimaanishi kwamba gesi imepungua. Methani ya mnyama hupimwa kwenye vyumba maalumu vya kupumulia, kwa gesi ya ufuatilizi, au kwa mashine inayopima pumzi yake anapokula, na tofauti ya asilimia 8 au 9 huhitaji wanyama wengi ili ionekane. Muuzaji anayekuahidi kwamba utaiona bandani mwako, muulize atakuonyesha kwa kifaa gani.

## Kuanza upya na kupima kwa haki

Acha mafuta kabisa kwa wiki mbili, na katika wiki hizo andika maziwa ya kila mnyama asubuhi na jioni. Usiguse kitu kingine chochote kwenye chakula. Gawa kundi katika jozi za wanyama wanaofanana: walizaa karibu siku moja, wanatoa maziwa yanayokaribiana, idadi ya uzao inalingana. Katika kila jozi rusha sarafu: mmoja apate pumba yenye mafuta, mwenzake apate pumba ileile, kiasi kilekile, bila mafuta. Wote wale na kukamuliwa saa zilezile.

Panda dozi kwa siku 14, kisha ishikilie bila kuibadili kwa wiki nne nyingine. Kila wiki chuja samadi ya wanyama watatu kutoka kila upande na uhesabu wanaocheua. Ikiwezekana, peleka sampuli za maziwa zikapimwe mafuta na urea mara mbili: siku ya mwisho kabla ya kuanza, na siku ya mwisho ya wiki ya nne. Hizo wiki mbili za kupanda zisihesabiwe. Linganisha jozi kwa jozi: ikiwa katika jozi 8 mwenye mafuta amemshinda mwenzake kwenye 7, unayo sababu ya kuendelea. Ikiwa ni 4 kwa 4, bakiza hiyo fedha ununue mbegu za mikunde.